Utepe Mwekundu Ulionifikisha kwenye Tanuru la Simenti

Wengi wenu mmekwisha kuiona ile video, kwa hiyo msijifanye mnasikia habari mpya: yule mtu mnene mwenye kofia ngumu ya njano iliyomkaa kichwani kama kifuniko cha sufuria ya mtu mwingine, anayepunga mikono mbele ya machifu wa mitaa na wachungaji, kisha anaonekana ameshika sketi ya mwanamke mbele ya kifua chake kana kwamba anaipima, ni mi. Sikatai. Mke wangu alinishauri nikatae, niseme ni mtu tunayefanana, lakini ile sauti ni yangu na wateja wangu wanaijua, ndiyo ile ile inayowaambia kila wiki kwamba nguo itakuwa tayari kesho.

Mi ni fundi wa nguo, nashona nyumbani kwangu hapa Kolwezi, na sifa yangu kubwa ni kwamba sitoki. Nina cherehani ya miguu, nina kiti chenye mto, nina birika la chai upande wa kulia na redio upande wa kushoto, na dunia ikinihitaji inajua nyumba ilipo. Zamani tulipokuwa tunakaa mtaa wa Kasulo, majirani walichimba kobalti chini ya sebule zao, chini ya majiko yao, mmoja hata chini ya kitanda chake, na watu walipoona kwangu hakuna shimo walidhani mi ni mtu wa msimamo, wakaniheshimu sana. Haukuwa msimamo. Kuchimba kungenilazimu kuhamisha kiti.

Sasa, kisa chenyewe kilianzia kwenye utepe. Kuna kiwanda cha simenti upande wa Tenke (jina lake nitaliacha, wamekwisha kunivumilia vya kutosha), na tanuru lao linakula mchana na usiku bila kushiba. Mwanzo walikuwa wanalilisha makaa ya mawe yanayoletwa kutoka mbali kwa malori, halafu wakaanza kulipunguzia makaa na kulipa vitu ambavyo sisi tunatupa: matairi yaliyokwisha, maranda ya maseremala, magunzi ya mahindi, na mabaki ya vitambaa kutoka kwetu sisi mafundi wa nguo, ambayo kabla ya hapo yalikuwa yanaziba mifereji, au tunayachoma nyuma ya nyumba na kuwakoholesha majirani. Hatulipwi kitu na hatudai kitu, tunafurahi tu kwamba kila Alhamisi lori linapita na uchafu unaondoka. Masharti yao ni machache: kitambaa kiwe kikavu, hakuna chuma, hakuna betri, hakuna chupa. Na kwa kuwa hapa kwetu kila kitu kinasafiri ndani ya gunia lile lile jeupe la plastiki, unga, makala ya kupikia, mawe ya mgodi, hata vyombo vya mtu anayehama, walitupatia alama. Seremala anafunga gunia lake kwa utepe wa bluu, fundi wa nguo anafunga kwa utepe mwekundu, na utepe mwekundu maana yake ni hii: nimechagua kilichomo kwa mikono yangu mwenyewe, msifungue, pelekeni motoni.

Wiki ile nilikuwa nashona nguo za mahari. Mama Ngalula, jirani yangu wa nyumba ya tatu, mjane anayeuza chumvi na samaki wakavu sokoni (babu yake ni mmoja wa wale walioletwa kutoka Kasai kufanya kazi mgodini, hawakurudi tena), alikuwa anamwoza Ngalula, binti yake wa pekee, kwa kijana ambaye watu wake wako Sandoa. Mahari ingepokewa Jumamosi. Mashangazi na mabinamu kumi na watatu wangevaa kitambaa kimoja cha kijani, na mama mwenyewe alikuwa na kitenge chake peke yake, cha njano kama ndizi iliyoiva, chenye maua ya zambarau, alichokuwa amekiweka chini ya sanduku tangu Ngalula akiwa mwaka wa pili wa sekondari, akiingoja siku hiyo moja. Alipokileta alikifungua juu ya meza yangu pole pole, akakipapasa, akasema, “Tata Fundi, hii nakupatia we sawa vile mutu anakupatia mutoto umushikilie.” Nilimwambia asiwe na wasiwasi. (Wateja wangu wa zamani wakisikia maneno hayo, wasiwasi huwaanza papo hapo.)

Na safari hii, ajabu ya mwaka, nilimaliza mapema. Alhamisi asubuhi nguo kumi na tatu za kijani zilikuwa zimepigwa pasi, zimekunjwa, zimeingia ndani ya gunia jipya kwa sababu ya vumbi jekundu la malori, na ile ya Mama Ngalula niliiweka peke yake ndani ya gunia dogo la unga lililofuliwa, isije ikakunjamana na wenzake. Ilibaki kufunga tu. Kamba ilikuwa juu ya kabati, upande wa pili wa chumba, hatua nne. Utepe mwekundu ulikuwa pale pale chini ya mkono wangu. Ndugu zangu, nilizitazama zile hatua nne, nikazitazama tena, kisha nikafunga magunia yote mawili kwa utepe mwekundu, nikayasukuma kwa mguu mpaka mlangoni, karibu na yale ya mabaki, nikarudi kwenye chai.

Saa tatu Tata Silve, dereva wa lori la kiwanda, akapiga honi. Yeye hapendi kuingia ndani, anauliza kutoka barabarani nami namjibu kutoka kitini, na ndivyo urafiki wetu unavyodumu. Aliuliza leo ni yapi. Nilimwambia yote yenye utepe. Akasema leo ni mengi, naona umefanya kazi kweli. Nikaipokea sifa.

Saa sita Mama Ngalula alinipigia simu kutoka sokoni kwamba atapita saa kumi kuchukua nguo. Niligeuza kichwa kutazama mlangoni ili nimwambie zinamngoja, na mlangoni palikuwa na mlango tu. Hapo ndipo ningesema. Ningesema, Mama, nimekosa, nguo zimekwenda kiwandani, tutafute namba ya Tata Silve. Lakini mdomo wangu ukajisemea wenyewe kwamba nguo ziko tayari kabisa, bado vifungo viwili. Mke wangu Astrida, aliyekuwa anachambua maharage kizingitini (kwenye kila nyumba yenye mjinga Mungu anaweka shahidi), alingoja nikate simu, akaniuliza kwa upole kabisa vifungo hivyo nitavishona kwenye nini.

Kwa mara ya kwanza tangu Pasaka nikapanda pikipiki ya kukodi. Sitawaelezea barabara, mnaijua, ni foleni ya malori ya shaba na vumbi lake, na motari aliyenibeba alikuwa mtu wa maneno, aliniuliza kama mi ni mgonjwa anayepelekwa hospitali, kwa vile nilivyomkumbatia. Njiani nilikuwa na hesabu moja tu kichwani: lori limetoka saa tatu, linapita kwa mafundi wengine, linapita kwa maseremala, bila shaka magunia bado yamelala kwenye uwanja wa kiwanda, nitaingia, nitachukua mawili yangu, nitatoka, na Mama Ngalula hatajua kitu mpaka Yesu arudi.

Getini kulikuwa na mlinzi mwenye karatasi, na nyuma yake niliona mahema, viti vya plastiki, spika mbili kubwa. Kumbe siku hiyo kiwanda kiliwaalika wageni kuja kuona jinsi taka zetu zinavyogeuka moto. Nikasema mi ni fundi wa nguo. Mlinzi akakagua karatasi yake, uso wake ukafunguka, akasema karibu sana tata, mwakilishi wa mafundi wa nguo, tunakungoja tangu asubuhi. Mwakilishi mwenyewe, ambaye namjua na ambaye hutoka nyumbani kwa sababu yoyote ile, siku hiyo alikuwa anaharisha. Ningeweza kusema siye mi. Lakini lile geti lilikuwa linafunguka, na nyuma yake kulikuwa na magunia. Nikasema ndiyo, samahani kwa kuchelewa.

Wakanivika fulana ya rangi ya machungwa ambayo haikufunga tumboni, wakanivika ile kofia, wakaniketisha mstari wa mbele kati ya chifu wa mtaa mmoja na mwakilishi wa maseremala, mtu mkavu aliyenisalimia kwa wivu kwa sababu mafundi wa nguo tulikuwa tumetajwa kwanza kwenye programu. Mbele yetu kulikuwa na rundo la magunia, bluu na nyekundu, na mkanda mpana wa mpira unaopanda juu kama ngazi isiyo na vidato. Nilinyoosha shingo kuyatafuta yangu. Chifu aliniuliza kama naumwa shingo.

Aliyetuelezea alikuwa mhandisi wao, mwanamke mfupi wa sauti ya taratibu, wote wakimwita Mama Enjenyere, na lazima niseme alieleza vizuri, hata katika hofu yangu nilielewa. Alisema ili jiwe la chokaa ligeuke simenti linahitaji moto ambao sisi na majiko yetu hatuwezi hata kuuwazia, na moto huo hauulizi unakula nini, mradi chakula kiwe kikavu na kisibadilike badilike. Alisema tairi linaingia zima, na hata waya zake haziendi bure, chuma chake kinahitajika mle ndani. Magunia ya nguo na maranda yanapita kwanza kwenye mashine ya kukatakata, kisha vipande vinapandishwa mpaka tanuruni. Majivu, akasema, hayatoki. Yanaingia ndani ya jiwe, yanakuwa simenti yenyewe. Wageni wakapiga makofi, na mi nikafikiri (kwa sababu akili yangu ikiogopa hutafuta pa kujificha) kwamba kuna nyumba mpya hapa Kolwezi ambazo kuta zake zina kola za mashati niliyokata vibaya.

Halafu akaniita mi. Mwakilishi wa mafundi wa nguo aseme mawili matatu.

Sijawahi kushika kipaza sauti maishani. Mtu mwenye busara angesema asante, Mungu awabariki, akakaa. Mi nilisikia sauti yangu ikitoka kwenye spika mbili, kubwa, nzuri, sauti ya mtu wa maana, na ikanilevya. Nikasema sisi mafundi wa nguo ni watu wa macho. Nikasema katika magunia yetu hakuna sindano, hakuna kifungo cha chuma, tunachagua kila kipande kwa mikono yetu, tunakigeuza huku na huku, na mtu akiona utepe mwekundu wa fundi anaweza kulala usingizi. Nikapigiwa makofi marefu. Yule seremala alinitazama kwa chuki ya kweli. Nilikuwa bado natabasamu wakati Mama Enjenyere alipobonyeza kitufe na ule mkanda ukaanza kutembea.

Wafanyakazi wakaanza kupandisha magunia. Bluu, bluu, nyekundu. Halafu, peke yake, dogo kuliko mengine, jeupe la kufuliwa, lile gunia la unga.

Hapa nataka niseme polepole, kwa sababu sehemu hii haimo kwenye video na ningeweza kuiruka. Nafasi ilikuwepo. Kutoka pale nilipoliona mpaka juu kwenye mdomo wa mashine palikuwa na nafasi ya mtu kupumua mara tatu. Pumzi ya kwanza niliwaza kwamba nimetoka sasa hivi kuwaambia watu wote hawa walale usingizi. Pumzi ya pili nikajiambia labda silo, magunia meupe ya unga ni mengi duniani. Pumzi ya tatu nikamtazama yule seremala, ndugu zangu, seremala nisiyemjua hata jina, nikawaza jinsi atakavyocheka. Gunia likafika juu, likainama kidogo, likaanguka ndani. Mashine haikubadilisha hata sauti. Muda si muda, kwenye mkanda wa pili unaokwenda tanuruni, kati ya vipande vya kijivu na vya kahawia, vikapita vipande vya njano, vidogo vidogo, na zambarau yake, vikapanda, vikaisha.

Ndipo gunia jipya lilipotokea, lile kubwa lenye nguo kumi na tatu, na ndipo mdomo wangu, uliochelewa pale ulipohitajika, ukaja kwa nguvu ambayo hata mi sikuitegemea. Niliruka kutoka kwenye kiti (mnene, kofia, fulana wazi) nikapiga kelele: “Simamisha! Iko banguo ya batu mule!”

Mama Enjenyere alivuta kamba ya dharura bila kuniuliza kitu. Mkanda ukasimama, na mnajua ukimya wa mahali palipokuwa na mashine, unasikia hata mtu anayemeza mate. Video inaanzia hapo. Gunia likashushwa, likafunguliwa mezani mbele ya wageni, na dada mmoja wa redio, naye mgeni wa siku hiyo, akanikabidhi nguo moja moja nizinyanyue ili watu waone ni nzima, nami nikazinyanyua, kumi na tatu, sketi na blauzi, huku chifu akiuliza kila moja ni ya nani.

Mama Enjenyere hakunifokea. Afadhali angenifokea. Alikuja karibu, akazima kipaza sauti kwanza, akasema, “Tata, ulisema munachagulaka na mikono yenu.” Nikasema ndiyo. “Bafanyakazi bangu banaamini ile utepe kupita macho yao. Chuma ikiingia mule, inaweza kurukia mutu. Basi tutachagula tena. Na mikono yako.”

Wakanipa glavu. Magunia yote mekundu ya siku hiyo yakapangwa, nikafungua moja baada ya jingine, wageni wakinywa soda na kungoja, na ya wenzangu yote yalikuwa safi, kitambaa kitupu, heri yao. Katika gunia la tatu kati ya yale yangu ya mabaki, mkono wangu ukagusa kitu baridi. Nikakitoa. Ulikuwa mkasi wangu mkubwa, uliopotea mwezi uliopita, ambao kwa ajili yake nilimwita shemeji yangu mwizi mbele ya mama yake. Yule seremala hakucheka, kama nilivyoogopa. Aliinamisha kichwa tu, kama mtu aliye msibani, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Tata Silve alinirudisha kwa lori lake, gunia magotini, bila kuniuliza lolote mpaka tulipofika kwangu, ndipo aliposema kwamba safari nyingine ataingia ndani kuangalia mwenyewe.

Mama Ngalula alikuwa amekaa kwenye kiti changu. Simu yake ilikuwa mkononi, na Astrida alikuwa amemwekea chai kwenye kikombe changu, kwa hiyo nikajua nimekwisha kuhukumiwa. Njiani nilikuwa nimetengeneza uongo mzuri kabisa, wenye mkono wa blauzi uliokuwa bado unabadilishwa kwa fundi mwenzangu, ungenipatia siku moja nzima.

Alisema, “Nimezihesabu mu video, Tata Fundi. Kumi na tatu. Yangu iko wapi?”

Sijui kwa nini, ule uongo ukakataa kutoka. Labda ulichoka na safari. Nilimweleza kila kitu, utepe, kamba, hatua nne, kipaza sauti. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, “Uliiona?”

“Niliiona, Mama.”

“Na ulinyamaza.”

“Nilinyamaza.”

Akatazama chai. Akauliza kule ndani ya moto inabaki nini, labda alifikiri kuna kipande, nami nikamwambia alivyosema Mama Enjenyere, kwamba majivu hayatoki, yanaingia ndani ya simenti na simenti inakwenda kwa watu. Akasema kwa sauti ndogo, si kwangu, kama anayejisemea, “Kumbe kuko nyumba ya mutu fulani itavaa muzuri kunipita mi.”

Nilimwambia nitamshonea nyingine, kitambaa changu, kazi yangu, Jumamosi asubuhi itakuwa tayari. Alisema hapana. Alikuwa na kitambaa kimoja cha siku ile, hakuwa na viwili. Akajitwisha gunia la zile kumi na tatu kichwani mwenyewe, akakataa nimsaidie, na alipofika barabarani aligeuka. “Siku ya posho utakuya. Utaikala mbele, batu bakuone.”

Hivyo ndivyo mi, mtu wa kukaa nyumbani, nilivyotoka mara mbili katika wiki moja. Jumamosi, ambayo kwetu ndiyo siku ya posho, nilivaa koti, nikakaa benchi la mbele uani kwa Mama Ngalula, na mashangazi na mabinamu kumi na watatu wa kijani wakajipanga nyuma yangu. Walipendeza, siwezi kukana kazi yangu, lakini upepo ukigeuka ilikuja harufu ya matairi ya kiwandani. Mama Ngalula alikuwa amevaa nguo yake ya umoja wa kina mama wa kanisa, ile ya kila siku, iliyopauka mabegani kwa kubeba vikapu vya samaki. Watu wa Sandoa waliingia na vitu vyao, na vitu vyao, kama vitu vyote vya hapa kwetu, vilikuwa ndani ya magunia meupe. Nilivuta miguu yangu nyuma. Nilimwona binti, Ngalula, akimtazama mama yake na ile nguo iliyopauka, kisha akitazama chini, na nikatamani ardhi ya pale iwe imechimbwa kama ya Kasulo, nipate pa kuingia.

Msemaji wao alikuwa mjomba wa kijana, mtu mrefu wa maneno machache. Alisimama, akasalimia ukoo, akakohoa. “Mbele ya kufungula bitu byetu,” akasema, “tunaomba kitu moja tu. Ule tata wa video, mumutoshe karibu na magunia.”

Ua mzima ulilipuka. Hata mchungaji wa mtaa alicheka mpaka akavua miwani. Nilinyanyua benchi langu mwenyewe nikalihamishia nyuma kabisa, karibu na majiko, na nilipogeuka nikaona Mama Ngalula naye anacheka, mkono mdomoni, mara ya kwanza tangu Alhamisi.

Wakaanza kutoa vitu. Chumvi, sukari, koti la mjomba wa binti kwa vile baba hayupo, mbuzi aliyetusemesha wote, na mwisho kitenge cha mama, vipande vitatu, bluu nzito yenye duara nyeupe. Desturi mnaijua: mama anakipokea kwa mikono miwili, anashukuru, anakipitisha nyuma kwa dada zake, na wiki ijayo kinakwenda kwa fundi. Mama Ngalula alikipokea kwa mikono miwili. Akashukuru. Kisha, badala ya kukipitisha, akasimama katikati ya ua, akakunjua kipande cha kwanza akakifunga kiunoni juu ya ile nguo iliyopauka, akakunjua cha pili akakipitisha begani, cha tatu akakizungusha kichwani bila kioo, bila pini, mikono yake ikijua kila mkunjo unapokwenda, na watu wa Sandoa, walipoona zawadi yao imevaliwa hapo hapo kabla haijapoa, walisimama wote. Vigelegele vilianzia upande wao vikavukia upande wetu. Ngalula alinyanyua uso. Mama yake akageuka taratibu ili kila mtu aone, akanitafuta kwa macho mpaka kule kwenye majiko, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, “Hii haikupita kwa fundi.”

Na ilikuwa kweli. Miaka yote hii ninashona, ninapima, ninakata, nimevalisha nusu ya mtaa, na mwanamke aliyependeza kuliko wote siku ile hakuwa na hata uzi wangu mmoja mwilini.

Watu wananiuliza nimejifunza nini. Kamba sasa iko juu ya meza, na magunia ya mabaki nayapeleka mwenyewe mpaka kwenye lori, huku Tata Silve akinitazama kama mtu anayeona kichuguu kinatembea. Shemeji yangu nimemwomba radhi mbele ya mama yake, akaniomba nirudie, hakusikia vizuri. Lakini hayo ni ya miguu na mikono. La kwangu kubwa ni la mdomo. Nimegundua kwamba kukiri kosa kunauma kwa muda wa pumzi moja, na kunyamaza kunauma kila nikiona rangi ya njano, kwa hiyo nimeapa, mbele ya Astrida aliyeandika kiapo hicho nyuma ya kalenda, kwamba nikikosa nitasema papo hapo, hata mbele ya chifu, hata mbele ya seremala.

Kile kitenge cha bluu mpaka leo Mama Ngalula hajakileta kwangu kukishona. Juzi nilimwona amekifunga vile vile akienda kanisani, tukasalimiana vizuri, tukaulizana habari za nyumbani, akaniambia Ngalula anasalimia, na mi, pamoja na kiapo changu chote, sikuwa na mdomo wa kumwuliza.